Tembo la Kilifi, susa ya Kismayu: pombe ya nyumbani na saa zake

Na Mwandishi Wetu

"Baridi au ya moto?" Hilo ndilo swali la kwanza analoulizwa mnywaji wa bia kuanzia Mombasa hadi Mwanza, mara nyingi kabla hajavuta kiti vizuri. Mgeni kutoka Ulaya hulishangaa, kwani kwao bia inatoka kwenye friji na mjadala umekwisha. Huku kwetu bia "ya moto" si iliyopashwa moto. Ni ile iliyokaa kwenye kreti nyuma ya kaunta, haijaonja baridi. Wazee wengi huiagiza hivyo na wana sababu zao: baridi inaumiza koo, baridi inaficha ladha, na chupa ya baridi humalizika haraka kuliko mfuko unavyoweza kuhimili.

Kismayu swali hilo haliulizwi. Mjini hakuna baa, hakuna kilabu cha pombe, hakuna mama pima. Hili ni jiji la bandari la Waislamu, na dini, desturi na mamlaka vyote vinakubaliana juu ya jambo hilo. Anayekaa mkahawani jioni huletewa chai ya maziwa yenye iliki, au kahawa iliyochemshwa kwa tangawizi. Matunda ya bonde la Mto Juba hayako mbali, kwa hiyo juisi ya embe nayo haikosekani msimu wake ukifika.

Tarehe 4 Machi 2024 Somalia ilikamilisha taratibu zake na kuwa mwanachama wa nane wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa maneno mengine, Jumuiya sasa ina nchi saba ambako viwanda vya bia vinauza waziwazi, na katika kadhaa ya hizo vimo katika orodha ya walipa kodi wakubwa kabisa, na nchi ya nane ambako kinywaji hicho ni haramu. Anayeandika habari za pombe katika ukanda huu huwa anaipita Somalia kwa sentensi moja na kuendelea na safari. Mimi naona anakosea. Upikaji wa pombe nyumbani ni elimu ya kuchachisha, na elimu ya kuchachisha ni elimu ya saa: kujua lini kitu ni kitamu, lini kimekomaa, na lini kimepita. Elimu hiyo Kismayu wanayo, ila wao hawaitumii kwenye nafaka.

Maziwa kabla ya pombe

Wanachochachisha wao ni maziwa ya ngamia. Yakishakamuliwa humiminwa katika chombo kilichofukizwa kwa moshi wa kuni, kikafunikwa na kuwekwa kivulini siku moja au mbili. Kinachotoka ni susa, maziwa machachu yenye harufu ya moshi. Hayagandi kama maziwa ya ng'ombe, kwa sababu maziwa ya ngamia kwa asili yake huganda kwa shida. Hubaki mepesi, yakanyweka kama kinywaji. Moshi una kazi mbili: unaua baadhi ya vijidudu vya chomboni na unaacha ladha. Wakalenjin wa Bonde la Ufa nao husugua vibuyu vyao kwa makaa kabla ya kutia maziwa ya mursik, bila kufundishwa na Msomali yeyote.

Jambo hili ni la kale katika pwani ya Somalia. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alieleza mezani pa wenyeji wake wali wenye samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa yaliyoganda yaliyoandaliwa pamoja na ndimu za kuchachishwa, tangawizi na embe. Karibu miaka 700 imepita. Kifungua kinywa cha Kisomali leo ni kanjero, ambayo unga wake hukorogwa jioni na kuachwa uchache usiku kucha ili asubuhi umwagwe juu ya kikaango na kutoa matundu. Mama anayeangalia ndoo ya unga alfajiri, akanusa, akaamua kama uko tayari au bado, anafanya kazi ileile ya mpika mbege wa Marangu. Tofauti ni kwamba yeye anakwenda kuoka.

Tena si kweli kwamba Uislamu haukuwahi kulifikiria jambo hili kwa undani. Umelifikiria kwa saa. Katika hadithi zinazojulikana, Mtume alikuwa akilowekewa zabibu au tende katika maji, akinywa maji hayo matamu, na muda wake haukuzidi siku tatu. Baada ya hapo kilichobaki hakikuwa chake tena. Wanachuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya pwani yote hii kuanzia Mogadishu hadi Kilwa, wakaongeza suala la siki: pombe ikigeuka siki yenyewe, bila mtu kuitia kitu, siki hiyo ni safi na halali, ikigeuzwa kwa kutiwa kitu, hapana. Mtu anaweza kukubali au kukataa. Asichoweza kusema ni kwamba watu hawa hawajui kinachotokea ndani ya chombo.

Mnazi una saa yake

Sasa tuteremke na pwani. Kusini ya Kismayu kuna visiwa vya Wabajuni, Koyama, Chovai, Chula na vinginevyo, ambavyo watu wake wanazungumza Kiswahili cha Kitikuu na kuishi kwa uvuvi. Baada ya Ras Kamboni unaingia Kenya, na Wabajuni wanaendelea kuwapo, Kiunga, Faza na Lamu. Mpaka huu wa sasa si wa zamani. Hadi mwaka 1925 Kismayu ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza uliokuwa na makao yake Nairobi, ndipo Jubaland ikakabidhiwa Waitaliano. Na vita vya 1991 vilipozuka, Wabajuni wengi waliteremka kwa majahazi hadi kambi za wakimbizi za Mombasa, wakaishi miaka jirani na watu ambao kwao pombe ni sehemu ya mahari.

Watu hao ni Wamijikenda, na pombe yao ni tembo la mnazi. Kenya huiita "mnazi" tu, mti na kinywaji vikawa jina moja, na mahali pa kunywea panaitwa mangwe. Mgema hupanda mti kwa vipandio vilivyochongwa shinani. Anatafuta karara, lile chipukizi la maua ambalo halijafunguka, analifunga kwa kamba lisipasuke, anakata ncha yake na kuning'iniza kibuyu chini yake. Asubuhi anapanda, anamimina kilichotiririka usiku, anakata kipande chembamba kingine ili kidonda kisikauke, anateremka. Jioni anarudi. Hivyo kila siku, mti baada ya mti. Kuanguka ndiyo ajali ya kazi hiyo, na haina bima.

Maji yanayotoka karara ni matamu kama ya muwa. Lakini chachu iko hewani na imo kibuyuni tangu jana, kwa hiyo safari ya kuchacha huanza kabla mgema hajagusa ardhi. Asubuhi tembo ni tamu na mtoto anaweza kuonja. Kufika adhuhuri lina povu na limeanza kuuma ulimi, na kileo chake kinakaribia cha bia ya chupa. Kesho yake ni tembo kali, la wanywaji wazoefu tu. Siku chache zaidi ni siki. Hakuna kitu unachoweza kufanya kulisimamisha ila kulichemsha au kulitia kwenye baridi, na ukilichemsha si tembo tena.

Kwa sababu hiyo tembo lilikuwa pia kitu cha jikoni, hata katika nyumba ambazo hakuna anayekunywa. Kabla ya hamira ya dukani, mapishi ya vitumbua na mkate wa kumimina yalitegemea tembo kuumua unga wa mchele. Kileo chenyewe huyeyuka kwa moto, mkate ukabaki na uchachu kidogo na matundu yake. Baadhi ya wapishi wa zamani hushikilia kwamba hamira haijawahi kuleta ladha ile. Nawaamini, ingawa najua kwamba wapishi wa zamani husema hivyo juu ya kila kitu.

Mwanaanthropolojia David Parkin aliishi na Wagiriama eneo la Kaloleni miaka ya 1960, na mwaka 1972 akachapisha kitabu kuhusu minazi, tembo na mashahidi. Alichokiona ni hiki: shamba au mnazi ulipobadili mikono, hapakuwa na karatasi. Palikuwa na wazee walioketi, wakanywa tembo la mnunuzi, na kwa kunywa huko wakawa mashahidi. Kesi ikizuka miaka 10 baadaye, ushahidi wao ndio hati. Kwa hiyo kununua tembo kwa ajili ya wazee haikuwa starehe. Ilikuwa gharama ya kumiliki mali.

Lakini Parkin aliona pia kitu cha pili, ambacho kwa maoni yangu ndicho cha thamani zaidi kwa msomaji wa leo. Baadhi ya vijana waliokuwa wakikusanya minazi na mashamba kwa ajili ya biashara ya kopra waliugua, wakaambiwa na waganga kwamba wamepandwa na pepo wa Kiislamu, na kwamba dawa ni kuacha tembo na kutokula na wasiokuwa Waislamu. Wakawa Waislamu kwa tiba. Ugonjwa ulipona, na mfuko nao ukapona, kwani mtu asiyekunywa hawezi kulaumiwa kwa kutokaa mangweni akiwanywesha jamaa zake kila siku. Majirani hawakuwachukia, maana hawakujichagulia wenyewe; pepo ndiye aliyetaka. Kunywa na kutokunywa, pwani hii, vimekuwa vikiishi ndani ya kijiji kimoja na hata ndani ya ukoo mmoja kwa muda mrefu.

Serikali hazijawahi kujua la kufanya na mgema. Mkoloni alitaka nazi, kwa sababu kopra inapanda meli na kulipiwa ushuru. Karara linalogemwa halizai nazi, kwa hiyo kila kibuyu cha tembo kilikuwa kwake hasara. Zikaja amri na vibali. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo, inayoitwa na wengi sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, ilifuta marufuku ya chang'aa iliyokuwapo tangu 1980 na kuahidi kwamba vinywaji vya asili vitaweza kuuzwa kihalali vikitimiza masharti. Miongoni mwa masharti ni saa za baa: siku za kazi kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku, na mwisho wa wiki kuanzia saa 8 mchana.

Msomaji ataona tatizo lilipo. Bia ya chupa inaweza kungoja saa 11 jioni, hata ingoje miezi. Tembo la asubuhi haliwezi. Ukilifungia hadi jioni, sheria inakuwa imekulazimisha uuze lililo kali zaidi kuliko lile ambalo mnywaji angelipata mchana. Sheria iliyokusudiwa kupunguza ulevi imeandikwa na watu waliofikiria kreti.

Mianzi, ndizi na mirija

Ukiacha pwani ukaingia bara, mti unabadilika lakini saa ni zilezile. Njombe na Iringa, kusini mwa Tanzania, wanagema mianzi. Mvua zinapoanza na machipukizi kutoka, ncha ya chipukizi hukatwa, ikafungiwa mbeta, kipande cha mwanzi chenye uwazi wa kupokea maji yake. Hukatwa tena asubuhi na jioni, kama mnazi. Maji hayo ni ulanzi. Ukiwa mbichi huitwa togwa na hata asiyekunywa pombe hunywa. Ukilala siku moja mbili unakuwa mkangafu, na jina lenyewe linamtahadharisha mtu. Mvua zikikoma, ulanzi nao unakoma. Nadhani hakuna pombe nyingine katika ukanda huu inayomfanya mnywaji wake kuwa na msimu, kama mla embe.

Mbege ya Wachaga ni kazi ndefu zaidi. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi hadi zibadilike rangi, zikaachwa zichache siku kadhaa. Hiyo huitwa nyalu. Kando yake ulezi hulowekwa, ukaota, ukaanikwa na kusagwa kuwa kimea, kisha ukapikwa uji. Gome la mti wa msesewa hutiwa kwa ajili ya uchungu, kazi ileile ambayo hopsi hufanya katika bia ya kiwandani. Uji na maji ya ndizi vikichanganywa leo, kesho ni mbege, na kesho kutwa ni afadhali uwe umeimaliza. Mpishi mzuri huulizwa zaidi juu ya kimea chake kuliko juu ya ndizi zake. Kimea kikikosewa, mbege inakuwa chachu bila nguvu, na wateja wanahamia kwa jirani bila kuaga.

Teso, mashariki mwa Uganda, ni ajono ya ulezi, ambayo Kampala huitwa malwa. Chungu kimoja kinakaa katikati, watu wanazunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mwenye nyumba anaongeza maji ya moto kadiri yanavyopungua. Hapo swali la baridi au ya moto limejibiwa zamani. Buganda wana tonto ya ndizi na mtama wa kukaangwa. Rwanda na Burundi ndizi huivishwa shimoni, zikakamuliwa kuwa urwagwa, na Kivu ng'ambo ya pili pombe ya ndizi ni kasiksi. Magharibi mwa Kenya busaa hupitia njia ya ajabu kidogo: unga wa mahindi unachachishwa, kisha unakaangwa juu ya bati, ndipo unatiwa maji na kimea cha wimbi. Sudan Kusini wanapika merisa ya mtama.

Karibu kote huko mpishi ni mwanamke. Pombe ndiyo iliyolipa ada ya shule, na mwenye elimu ya kileo katika kijiji ni mama asiye na cheti chochote.

Chupa inayojifunza kwa chungu

Viwanda havikuja kuondoa haya yote, ingawa vilijaribu. Ndugu wawili wa familia ya Hurst walianzisha Kenya Breweries mwaka 1922. Mmoja wao aliuawa na tembo, yule mwenye mkonga, mwaka uliofuata, na bia ikapewa jina la Tusker. Katika Kiswahili utani unajitengeneza wenyewe. Tanganyika ilifuata mwaka 1933, Uganda ilipata Port Bell mwaka 1946 na Jinja mwaka 1951. Kongo walikuwa na Bralima tangu 1923.

Kila nchi ikazoea chupa yake. Mkenya ana Tusker yenye kileo cha asilimia 4.2, Mtanzania mpenda nguvu ana Safari yenye 5.5, na wa Kanda ya Ziwa ana Balimi, bia iliyopewa jina la wakulima kwa Kisukuma. Kigali, Bujumbura na Bukavu watu hawana haja na nusu lita. Primus ya sentilita 72 ndiyo inayohesabika kuwa chupa, na mgeni anayeagiza ndogo huangaliwa kama mgonjwa. Mimi ningependa siku moja wataalamu wa Arusha wanaosawazisha viwango waketi na suala la ukubwa wa chupa. Watakaa sana.

Mapenzi hayo ya bia ya nyumbani ndiyo yaliyoziponza kampuni. Miaka ya 1990 Kenya Breweries ilijenga kiwanda Moshi, na South African Breweries, waliokuwa wameingia Tanzania mwaka 1993, wakajenga cha kwao Thika. Kila upande ulidhani ladha inavuka mpaka kirahisi. Mwaka 2002 waliafikiana: Thika ikafungwa, Moshi ikafungwa, na kila mmoja akabaki kwake akiwa na hisa katika kampuni ya mwenzake. Wafanyakazi wa miji hiyo miwili ndio waliolipa somo.

Kilichofaulu zaidi ni pale kiwanda kilipokwenda kujifunza kwa mpika pombe wa kijijini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Nile Breweries ilitoa Eagle, bia ya mtama badala ya shayiri ya kuagizwa, kwa mbegu ya Epuripur iliyotokana na kituo cha utafiti cha Serere. Serere iko Teso, nyumbani kwa ajono. Kenya ikafuata mwaka 2004 na Senator, bia ya pipa iliyosamehewa ushuru ili iwe rahisi kushindana na chang'aa. Mwaka 2013 serikali ikarudisha nusu ya ushuru, bei ikapanda, mauzo yakaporomoka. Mwaka 2015 ikabidi ilegeze tena. Mnywaji wa kipato cha chini hana uaminifu kwa nembo. Anahesabu sarafu, na bia ikimshinda anarudi kwenye kilicho karibu.

Kilicho karibu kikiwa sumu

Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la starehe. Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda ya Nairobi ikiwemo Mukuru kwa Njenga, zaidi ya watu 130 walikufa kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Aprili 2010, Kabale nchini Uganda, walikufa watu wapatao 80 kwa waragi ya namna hiyo. Februari 2024 ilikuwa zamu ya Kirinyaga, Kenya, watu 17. Wengine walipona lakini wakapoteza macho.

Ni muhimu kueleza vizuri nini kiliua, kwa kuwa kila mara baada ya msiba polisi huonekana wakimwaga mapipa ya busaa mbele ya kamera. Busaa haikuua. Tembo, mbege, ulanzi na urwagwa haviwezi kuwa na kileo kikali, kwa sababu chachu yenyewe hulemewa kileo kinapozidi. Na methanoli inayotokea humo ni kidogo mno. Mpishi mchafu anaweza kumharisha mteja, na hilo si dogo. Lakini vifo vya makumi kwa usiku mmoja hutoka kwenye spiriti ya viwandani inayotiwa katika pombe iliyokenekwa, au kuchanganywa na maji na rangi na kuuzwa kama kinywaji. Methanoli ina harufu na ladha inayofanana sana na kileo cha kawaida. Mililita chache hupofusha. Dalili huchelewa kwa saa kadhaa: kichwa, tumbo, macho kuona ukungu. Anayeziona aende hospitali usiku huohuo, asilale akisema ni uchovu wa pombe, kwani tiba ipo na kuchelewa ndiko kunakoua.

Kwa hiyo kumkimbiza mama wa busaa kunaleta matokeo ya kinyume. Pombe ya chungu inachukua nafasi kubwa, inanuka mtaa mzima na haikai. Pombe iliyokenekwa inaingia kwenye kidumu na kufichika chini ya kitanda. Msako ukizidi, muuzaji anahamia kwenye ile inayofichika. Tanzania ilipopiga marufuku viroba vya plastiki Machi 2017 ililenga mahali sahihi zaidi, yaani pombe kali ya bei ndogo inayokaa mfukoni mwa mwanafunzi.

Nini kinaweza kuvuka

Soko la pamoja la Jumuiya lilianza Julai 2010, na chupa za bia zinavuka mipaka zikiwa na stika zake. Pombe ya chungu haivuki, wala haihitaji. Haiwezi kufika mbali kabla haijageuka. Na hakuna mtu mwenye akili anayetarajia ivuke kuingia Somalia. Jumuiya tayari inaishi na tofauti za namna hiyo. Miraa ya Meru ni zao la kuuza nje kwa Kenya, ni dawa ya kulevya kwa sheria za Tanzania, na Somalia yenyewe iliizuia tangu Machi 2020 hadi Julai 2022 kisha ikaifungulia. Kismayu isiyogusa bia inatafuna miraa mchana kutwa, na Dar es Salaam inayokunywa bia inamfunga anayeibeba. Anayetaka sheria moja ya starehe kwa nchi nane aanze na hilo kwanza.

Kinachoweza kuvuka ni elimu, na bidhaa moja au mbili. Wafugaji wa Jubaland na wa Garissa wanauza maziwa ya ngamia katika hali ileile ya joto na barabara mbovu inayomsumbua mgema wa Kilifi, na wote wanapoteza mali kwa sababu moja: chombo kisichosafishika na saa zilizopita. Madumu ya plastiki yaliyokwisha kubeba mafuta ya kupikia hutumika kwa susa na kwa tembo vilevile. Chombo cha chuma kinachosafishika kwa maji ya moto, kilichofanyiwa majaribio kwa maziwa, kingemfaa na mgema. Mafunzo yaleyale ya usafi, kwa Kiswahili kilekile, yangeweza kutolewa Kismayu kwa wauza susa na Kaloleni kwa wagema bila kubadili zaidi ya neno moja.

Bidhaa ni siki. Kila siku wagema wa Kilifi na Kwale wanabaki na tembo lililopita saa yake. Likiachwa lenyewe, bila kutiwa kitu, linakuwa siki nzuri ambayo kwa fikihi ya Shafi ni halali, na pwani ya Kismayu inakula samaki na achari kila siku. Mzigo huo hauharibiki njiani, jahazi linauweza, na masharti ya kuutengeneza yanaweza kuandikwa na kukaguliwa na wanachuoni wa Lamu na wa Kismayu, ambao wanasoma vitabu vilevile.

Kikwazo cha sasa si dini wala ladha. Kenya ilifunga mpaka wake na Somalia mwaka 2011. Mei 2023 serikali mbili zilitangaza kuufungua kwa awamu, na Julai mwaka huohuo Nairobi ikaahirisha kufuatia mashambulizi upande wa Kenya. Mwaka uliofuata Somalia ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ambayo soko lake linaanzia Kiunga, mwendo mfupi wa mashua kutoka Ras Kamboni.